Sasisho Lililokula Sauti

3 Februari

Dada yangu,

Hujambo wewe na binti yako? Sisi huku hatujambo, ukiacha mafua yaliyozunguka nyumba nzima na mwishowe yakaamua kukaa kwangu. Wifi yako cherehani haipoi, sare za shule za mtaa mzima zinapita mikononi mwake. Anakusalimu sana, na anauliza mbona umekuwa adimu hivyo. Hata mimi nauliza. Nimekupigia simu juzi, jana na leo, kila mara anapokea binti yako: "Mama ametoka, mjomba." Ametoka kwenda wapi asikorudi? Nikamwambia akwambie unipigie, ni muhimu. Kimya. Basi nimeitoa mashine ya nukta za breli uvunguni, nimeifuta vumbi, nakuandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana tukiwa mabweni tofauti. Vidole vinauma. Angalau hakuna mwenye macho humu ndani anayeweza kuchungulia nilichoandika. Wifi yako amepita hapa akauliza, nikamwambia ni mambo ya vipofu, hayamhusu. Amenifinya.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Kompyuta yangu imenyamaza.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenye sura ya tisa ya kile kitabu cha hisabati ninachokigeuza kuwa nukta kwa ajili ya shule yetu ya zamani. Yule bwana wa ndani ya kompyuta anayenisomea skrini akakatiza hesabu katikati, akasema kuna sasisho la mfumo, je, nikubali au niahirishe? Alikuwa amenisumbua na swali hilo wiki nzima. Nikabonyeza kukubali ili aniache nifanye kazi. Akaniaga, akanyamaza. Nikangoja. Nikanywa chai, nikarudi, kimya. Nikabonyeza kila kitufe ninachokijua, kimya. Nikasema hii imeganda. Nikachomoa waya ukutani.

Najua, najua. Usinifokee. Mwenye macho angeona maandishi kwamba kazi inaendelea, asizime. Mimi ningejuaje? Kwangu kompyuta inayofanya kazi bila kusema na kompyuta iliyokufa ni kitu kimoja.

Nimeichomeka tena, inawaka, feni inazunguka, lakini haisemi hata neno moja. Na mwalimu mkuu anataka kitabu shule zikifunguliwa, katikati ya mwezi wa tano. Watahiniwa wake wote wanagombania nakala moja kuukuu ambayo nukta zake zimelala kwa kupapaswa. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa ile kampuni ya wenye macho inayopitisha kitabu kwenye mtambo na kukitoa bila mtu yeyote kukigusa kwa kidole. Kile walichokitoa mara ya mwisho, alama ya kugawanya ilikuwa imegeuka ya kuzidisha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watoto walifeli na hicho hicho. Halafu kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ameshaanza kusema nipumzike tu, mambo ya kompyuta ni magumu kwa mtu wa hali yangu. Hali yangu! Nilitamani kumrushia kibodi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kompyuta, tena kwa makofi. Nipigie simu. Dakika tano tu, uniambie nibonyeze wapi.

Mdogo wako, kitinda mimba asiyesikia

---

16 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, hata kikapu cha sokoni sijakitua. Mafua yako yatakuwa yameisha sasa, na kama hayajaisha acha kuyadekeza. Sisi wazima. Mpwa wako amepata kazi kwenye duka la dawa, anarudi jioni miguu imevimba lakini ananuna nikisema nipike mimi. Mwambie wifi yangu nimezipokea salamu, na kwamba kukufinya amekufinya kidogo.

Wewe mtu! Umechomoa waya katikati ya sasisho? Huko ni kumshusha mgonjwa kwenye meza ya upasuaji tumbo likiwa wazi, eti kwa sababu daktari hapigi soga. Lakini limeshafanyika.

Sasa nisikilize. Iwashe, uiache hivyo hivyo kutwa nzima bila kuigusa. Inaweza kuwa inajaribu kumalizia ilichoanza. Weka kiganja juu yake mara kwa mara. Ikiwa na joto na mtetemo unaokuja na kuondoka, basi iko kazini. Mtetemo ukitulia, bonyeza vile vitufe vya kumwamsha msomaji wa skrini, vyote kwa pamoja, kama nilivyokufundisha. Asipoamka, zima kwa utaratibu, washa, rudia. Usifanye kingine chochote kabla hujaniandikia. Na fundi yeyote akikwambia "tufute kila kitu tuanze upya", mwoneshe mlango.

Una nakala ya kitabu kwenye flashi? Nilikwambia kila sura ukiimaliza uihifadhi pembeni. Nijibu hilo.

Kuhusu simu, simu yangu ina kasoro. Mpwa wako aliniambia ulipiga, ila hakujua una shida gani kwa sababu na wewe hukumwambia. Usiendelee kupiga. Andika tu, nitakujibu siku hiyo hiyo barua ikifika.

Dada yako

---

1 Machi

Dada,

Salamu kutoka kwa wote. Mafua yameisha. Na wifi yako hatuongei tangu juzi, utajua sababu hapa chini.

Nilifanya ulivyosema. Kutwa nzima nimekaa na kiganja juu ya kompyuta nikiipima homa. Joto lipo, mtetemo ukaja, ukatulia. Nikamwamsha msomaji, hakuamka. Nikarudia mpaka vidole vikachoka. Basi nikamwita fundi.

Fundi akaingia, akakaa, akavuta vuta nyaya, kisha akauliza, "Mzee, skrini iko wapi?"

"Ya nini?" nikamwambia. Ile skrini iliharibika miaka mingi iliyopita, nikaitupa na sikuwahi kuikumbuka. Akacheka sana, halafu akakumbuka anacheka na nani, akakohoa. Ikabidi tubebe televisheni ya sebuleni mpaka chumbani, fundi akaunganisha, na wifi yako akaitwa kusoma maana fundi alikuwa ameinama nyuma ya meza na nyaya. Ungemsikia. "Mume wangu, hiki Kiingereza kimekasirika." Nikamwambia asome herufi kwa herufi. Akasoma. Nikamwambia haraka. Akasema yeye si kompyuta. Nikasema hilo naliona. Hapo ndipo tulipoanza kununiana.

Fundi akaja mbele, akatazama kidogo, akasema dawa ni moja, tufute kila kitu tuweke mfumo upya, haitachukua muda. Nikasikia mkono wake unakwenda kwenye kibodi. Dada, nililala juu ya kile kibodi kwa mikono yote miwili na kidevu. Nikamwambia humu ndani kuna kitabu kizima, ukigusa kitufe kimoja nakuuma. Wifi yako anasema nilionekana mwendawazimu, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonisemesha.

Basi akatafuta polepole. Kumbe kitabu kipo. Mafaili yote yapo. Kilichokufa ni sauti. Sasisho lile limeingia na kasoro, limekula sehemu yote inayotoa sauti. Amejaribu spika nyingine, amejaribu vya masikioni, hakuna. Akasoma kwenye simu yake, watu wengi wenye kompyuta za umri wa hii yangu wanalia kilio hicho hicho, na waliotengeneza mfumo wanasema watarekebisha, lini hawasemi. Kitabu kipo, ila kwangu hakisomeki. Siwezi kumwajiri wifi yako anisomee alama za hisabati mpaka mwezi wa tano, tutatalikiana kabla ya sura ya kumi.

Sasa nakuja kwenye linaloniuma. Fundi anasema kulikuwa na njia. Mtu akishaweka sasisho, anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo wa zamani kwa kubonyeza mara chache tu. Ila mlango huo unakaa wazi siku kumi, kisha unafungwa wenyewe. Siku kumi! Umefungwa mimi nikiwa nimekaa hapa kitini nasubiri barua yako.

Ungepokea simu siku ile, leo ningekuwa nasikia. Dakika tano, dada. Nilikuomba dakika tano. Simu yenye kasoro gani hiyo ambayo binti yako anapokea na ananisikia vizuri kabisa? Kama nimekukosea sema nimekukosea. Kama umechoka na mimi sema pia. Umekaa kwenye simu za hospitali miaka yote hiyo, unawaunganisha watu usiowajua na wagonjwa wao, halafu ndugu yako wa tumbo moja anapiga unamkimbia.

Kuhusu nakala kwenye flashi, tusizungumze leo.

Mdogo wako

---

13 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Sisi tuko salama. Mwombe radhi mke wako, leo, kabla hujaendelea kusoma.

Maneno yako nimeyasoma mara mbili nikidhani vidole vyangu vimekosea. Sitayajibu yote. La siku kumi una haki kulikasirikia na mimi sina cha kujitetea.

Ndani ya mzigo huu, chini ya magazeti, kuna kijisanduku. Kishike taratibu. Mbele kina mstari wa vitundu, na kila kitundu kina vinukta vinavyochomoza na kuzama vyenyewe. Kichomeke kwenye kompyuta kwa waya niliouzungushia pembeni, washa, subiri mpaka mtetemo utulie, kisha mwamshe msomaji kama kawaida. Hutamsikia. Weka vidole kwenye mstari. Anachotaka kukwambia kwa mdomo kitachomoza hapo kwa nukta. Ukimaliza mstari, bonyeza kitufe cha kulia uende mbele.

Usiniulize nimekitoa wapi, kilikuwa kimekaa tu. Usikirudishe mpaka kitabu kimalizike na mwalimu mkuu amekipokea mkononi. Nikikiona hapa kabla ya hapo nitakirudisha huko huko kilikotoka.

Na weka nakala. Kutozungumza kwako kumenijibu.

Dada yako

---

29 Machi

Dada yangu mpenzi, dada yangu wa pekee,

Hujambo? Binti hajambo na miguu yake? Huku kwetu amani imerudi. Niliomba radhi kabla sijaendelea kusoma, kama ulivyoamuru, na wifi yako akataka nirudie kwa sauti ili na wateja wake sebuleni wasikie. Nikarudia.

Nikwambie nini kuhusu kijisanduku? Nilikichomeka. Nikangoja, nikabonyeza, nikaweka vidole. Kwanza patupu. Kisha vinukta vikapanda chini ya vidole vyangu, vikaandika neno "Karibu". Dada, nililia. Silii ovyo, unanijua, lakini nililia mpaka wifi yako akazima cherehani. Kumbe bwana yule hakuwahi kufa. Siku zote hizo alikuwa akiongea, kila nilipobonyeza alinijibu, ila hakuwa na sauti ya kunifikia. Yeye anaongea, mimi namtukana kwa kunyamaza.

Kazi inakwenda. Tena kwa hesabu ni bora kuliko kusikia, alama naigusa mwenyewe badala ya kuambiwa. Nimemaliza sura ya tisa na ya kumi. Zimebaki mbili na ukaguzi wa kitabu kizima. Nimeweka nakala kila mahali, hata kwenye flashi ya shemeji yangu, na amekoma kunionea huruma.

Barua ile ya tarehe moja niliiandika vibaya. Nilikuwa na hasira, nikazimwaga kwako kwa sababu wewe huwa unazibeba. Nisamehe.

Sasa utanisamehe na hili. Umesema kilikuwa kimekaa tu. Kitu kilichokaa tu hakiwi hivi. Vitufe vyake vimelika mpaka vimekuwa laini, na upande wa kushoto pale kidole cha kwanza kinapoanzia mstari, plastiki imechimbika kishimo. Hiki kilikuwa kikitumiwa kutwa, na mtu mmoja. Nikajiuliza, dada yangu ana kompyuta inayosema vizuri, ana masikio yanayosikia sufuria ya jirani ikiungua, anakitakia nini?

Nikapiga simu hospitali. Nilitaka unipokee wewe, ile "Hospitali, nikusaidie" yako, nikuvizie. Akapokea mtu mwingine, kijana. Nikamuuliza mama wa simu yuko wapi. Akasema, "Yule mama aliacha kazi mwaka jana."

Mwaka jana, dada. Na barua zako zote zinasema tuko salama. Sifungui tena kompyuta mpaka uniambie kuna nini. Ni ugonjwa? Niambie mimi, hata kama hutaki mwingine yeyote ajue. Hakuna mwingine humu anayeweza kusoma karatasi hii.

Mdogo wako

---

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Hilo ni kweli kwa binti. Mimi nilikuwa nakudanganya, na sasa sioni faida yake.

Masikio yangu yameniacha. La kushoto lilianza miaka mitatu iliyopita, nikawa napokea simu kwa la kulia na hakuna aliyejua. Kisha la kulia nalo likaanza kudokoa maneno, linanipa nusu ya sentensi. Nikawa nakisia. Siku moja mtu akaomba wodi ya wazazi, mkewe amejifungua, mimi nikamuunganisha na chumba cha maiti. Akapiga tena akipiga mayowe, na mayowe yale ndiyo niliyosikia vizuri. Sikungoja waniite ofisini. Niliwavulia vile vya masikioni nikaviweka mezani, nikaondoka. Tangu kabla ya mwaka mpya sisikii kitu. Daktari alimwandikia binti karatasi ndefu. Hairudi.

Siku zile ulizokuwa ukipiga nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kochi karibu na simu. Binti alinigusa bega, akanichorea jina lako kiganjani kwa kidole, herufi moja moja. Nikatikisa kichwa. Nilimkataza asikwambie, na yeye hakupenda, alilia. Usimlaumu. Na ndiyo, siku zako kumi ziliishia kwenye kochi hilo.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilizaliwa sioni na sijawahi kuogopa kutoona, kwetu ilikuwa hivyo tu, tulicheza, tukapigana, tukafaulu. Lakini hili naliogopa. Binti akienda kazini nyumba inakuwa haina mtu, haina mlango, haina mvua, sijui kama ni mchana mpaka nitoe mkono dirishani nipime jua. Na wewe ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado ananichukulia kama chiriku yule yule, anayenitukana na kuniomba ushauri. Nikikwambia, ungeanza kuniandikia kwa upole. Sitaki uniandikie kwa upole.

Kijisanduku ndicho nilichokuwa nasomea kila kitu, habari, vitabu, ujumbe wa marafiki wa shule. Sasa unajua. Haibadilishi neno. Mimi sina mwalimu mkuu anayenisubiri. Una watoto darasani wanagombania karatasi zilizolala. Fungua hiyo kompyuta, maliza kazi yako. Ukikileta kabla hujamaliza sitakupokelea, na usije hapa kuniangalia, sijawa maonyesho.

Dada yako

---

22 Aprili

Dada,

Salamu nitakuletea mwenyewe. Usianze kukunja uso. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshapanda gari, na huwezi kunipigia simu kunikataza.

Umesema nisikuandikie kwa upole. Vema. Umenikosea sana. Umeniacha miezi nikuite mkimbizi wa simu, nikutukane kwenye karatasi, na wewe umekaa kimya unanipa haki. Ulidhani mimi nani? Shemeji yangu? Nimekasirika mpaka wifi yako ameniambia niende nikagombane na wewe huko huko, kwake hapana nafasi.

Hilo moja. La pili, nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Nikamweleza kwamba sura mbili zimebaki na kijisanduku si changu, mwenyewe anakihitaji. Akasema ile kampuni ilishapeleka barua kuomba kazi, na yeye ana bodi inayomsukuma. Kitabu kikikosekana siku ya kufungua, hataweza kunishikia kazi hiyo. Basi nina mambo mawili na yote siyaachi. Sikirudishi kijisanduku kwa posta huku kitabu kikifia mezani, wala sikai nacho huku wewe ukipima jua kwa mkono.

Kwa hiyo nakuja nacho, pamoja na kompyuta yenyewe. Imeingia kwenye gunia la vitambaa la wifi yako, na ndiyo faida ya kutokuwa na skrini, mzigo ni mwepesi. Sauti haina, lakini kwako ya nini? Nitaandika sura mbili mezani kwako, na wewe utakagua kitabu kizima kwa vidole vyako, kila alama, maana mimi nimeshakizoea na makosa yangu siyagusi tena. Asubuhi kijisanduku changu, alasiri chako. Sikuonei huruma. Ninahitaji mkaguzi mkali, na mkali kuliko wewe simjui.

La tatu ni hili, na nimelifikiria tangu barua yako ifike. Hilo la kuchorewa herufi kiganjani ni la mateso, mtu atafika mwisho wa sentensi jua limezama. Mimi na wewe tumekua na mashine ya nukta. Vitufe sita kwa nukta sita za kila herufi, vidole sita. Vidole vyako mwenyewe ni vitufe, dada. Ukiweka mikono juu ya meza, mimi nikaweka yangu juu yake, nikagonga kidole ninachotaka, hutasoma? Nilijaribu juu ya mikono ya wifi yako. Yeye hajaelewa kitu, ila amesema naandika kwa fujo.

Nikifika binti atanifungulia. Nitakugusa bega la kulia. Usiruke, usinipige.

Mdogo wako

---

7 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi yangu, kwa watoto, na hata kwa shemeji yako. Natumaini ulifika bila kuvunja kitu. Kwangu umevunja vikombe viwili na kimoja umekificha nyuma ya pipa la unga, nimekipata. Binti anasema nyumba imepoa tangu uondoke, na anauliza utarudi lini. Anajizoeza kugonga vidole. Bado anachanganya nukta ya pili na ya tano, lakini jana kanieleza habari nzima ya mteja aliyetaka dawa ya kuongeza kimo, mpaka nikacheka nikapaliwa.

Nimefurahi kuwa mwalimu mkuu amekipokea kitabu, ingawa shule zilikuwa zimeshafunguliwa na bodi ilishaanza kunong'ona. Umeandika kwamba alifunga macho akapitisha kidole kwenye sura ya tisa yeye mwenyewe. Umeandika pia kwamba watahiniwa wamepata kosa moja tu, ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo uliukagua wewe, mimi nilikuwa nimelala. Hilo liwekwe wazi kwa kila atakayeuliza.

Na sasa umeniambia waliotengeneza mfumo wameleta sasisho jipya, umelikubali, umekaa kwenye mikono yako mpaka likaisha, na bwana wako ameanza kusema tena. Mpe pole. Mwambie asikuzoee. Safari hii kulikuwa na nakala, umesema, na mimi nimeamua kukuamini.

Kijisanduku kiko hapa mbele yangu. Asubuhi nasoma habari za dunia nzima, nyingi ni za ugomvi.

Kuna jambo ambalo sikukwambia ulipokuwa hapa kwa sababu ungevimba kichwa. Siku ile ulipofika, ulipoweka mikono yako juu ya yangu, nilikuwa nimejiandaa kukukatalia. Nilidhani utaandika kwamba unanipenda, au pole, au kitu cha namna hiyo, na ningeivuta mikono yangu. Ukagonga, kwa kasi yako ile mbaya: "Kwa nini hukupokea simu?" Nikakujibu kwa mdomo, sijui nilipiga kelele kiasi gani, binti anasema majirani walitoka nje. Ukagonga tena. Nikajibu tena. Tumegombana mezani kwangu wiki tatu nzima, mdogo wangu, na sikukosa hata neno moja.

Dada yako